Isiyofika Hailipwi

Kama unataka kujua mshahara wa rubani, usiniulize mimi, waulize kamati za harusi za mtaani kwetu Mafiga, Morogoro. Wao wanaujua kuliko mhasibu wetu. Kadi ya mchango ikiletwa nyumbani kwa mama, pembeni ya jina langu wameshaandika kiasi ambacho sijawahi kukishika kwa mkupuo mmoja, na nikitoa nusu yake naambiwa naringa. "Mtu anashinda angani na Wazungu, halafu mkono mgumu namna hiyo!" Mama husimama katikati, anacheka na wajumbe mlangoni, wakishaondoka ananigeukia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, ungeongeza hata kidogo. Mkono mtupu haulambwi." Naongeza, huku nimenuna.

Miaka yote hiyo sikumwambia ukweli. Ningeanzia wapi? Mama aliuza wali maharage kwa wanafunzi wa chuo pale Mazimbu mpaka magoti yakagoma, na siku nilipovaa shati jeupe lenye mistari mabegani alilipiga pasi mara tatu kwa siku moja, utadhani naapishwa kuwa waziri. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kuna mwezi unakopa nauli.

Ukweli ni huu. Narusha ndege ndogo ya injini moja, abiria kumi na wawili, rubani peke yake, tunapeleka watalii mbugani na kuwarudisha pwani. Mshahara wenyewe unaishia kwenye kodi ya nyumba Dar. Kinachonilisha ni posho ya safari, na posho inalipwa kwa kila safari iliyofika ilikotumwa. Iliyofika! Ukikuta hewa imechafuka njiani ukageuza, umerudisha watu salama, mgongo unakuuma, macho yamekuwa mekundu, lakini posho huna. Mpanga safari wetu, baba mmoja mwenye ulimi wa asali ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alikuwa na msemo wake: "Kapteni, isiyofika hailipwi." Anausema huku anatabasamu, anakugusa bega, anakwenda zake.

Na si posho tu. Ukigeuza mara mbili tatu katika mwezi mmoja, yule baba anakusahau kwenye ratiba. Hakufukuzi, hakugombezi, anakusahau tu. Unakaa nyumbani wiki nzima unapiga deki chumba kimoja, na wenzako wanaruka.

Tulikuwa na mwenzetu kutoka Ulaya, kijana wa makamo yangu, ndege ileile, njia zilezile, vumbi lilelile. Siku moja tulikuwa tunakunywa chai Mikumi tukisubiri abiria, akaniambia kwamba yeye mwezi uliopita aligeuza mara nne na alikuwa amelala usingizi mzuri tu. Nikamuuliza, na posho? Akashangaa. Mkataba wake ulikuwa wa mshahara mmoja mnono, aruke asiruke. Alidhani wote tuko hivyo. Alipoona uso wangu akawa mwekundu mpaka masikioni, akaanza kuzungumzia nyani waliokuwa wanatuvizia sukari. Sikumchukia. Wala sikuimaliza ile chai.

Basi nikajiwekea lengo langu. Shirika kubwa moja la ndege la nchi za Ghuba lilikuwa linachukua marubani. Nilifanya usaili kwa kompyuta, nikapita. Walitaka vitu viwili: nifikishe idadi yao ya saa za kuruka kabla ya mwaka kuisha, na nilete barua ya mwajiri kwamba sina doa. Saa nilibakiza chini ya mia. Mshahara wao wa mwaka mmoja ungetosha kuikomboa mikarafuu ya mjomba na kumpumzisha mama na mambo ya kupika kwenye mafiga. Kwa hiyo kila safari kwangu ilikuwa na bei mbili, posho ya leo na mlango wa kesho.

Hapo inabidi niieleze hiyo mikarafuu. Kwetu Uluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Baba yangu alikuja kuoa, akakaa kwa wakweze juu ya Mkuyuni, akawa anachuma karafuu katika miti ya shemeji yake, yaani mjomba wangu, kaka wa mama. Nikiwa na miaka minane baba alianguka kutoka mkarafuuni siku ya mvua. Tuliambiwa aliteleza. Mama akanifunga kanga mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea, akashuka na mimi mjini, na hatukuishi tena mlimani. Mjomba ndiye aliyenisomesha. Nilipomaliza kidato cha sita na kusema nataka urubani, watu walicheka mpaka wakashika mbavu, mjomba hakucheka. Aliita ukoo, akakaa na bibi zangu siku mbili, wakakubaliana shamba la chini, lile lenye miti mingi karibu na barabara, likodishwe kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini misimu kumi na mitano. Fedha yote ikaenda kwenye leseni yangu. Mjomba akabaki na miti michache ya juu, kwenye mteremko ambao hata mbuzi anafikiria mara mbili.

Nilimpenda mzee yule kupita kiasi. Mimi si mtu wa kusema mambo hayo, lakini hili naliandika.

Mwaka juzi, vuli ikiwa inaanza, marubani wenzangu wazawa waliandika barua. Hawakuomba makubwa: tulipwe hata safari iliyogeuzwa kwa ajili ya hewa, na ratiba isitumike kutuchapa. Aliyeileta kwangu alikuwa kapteni wa siku nyingi, mwenye mvi, mtu wa Songea, mpole. Tulikuwa kwenye kibanda cha chai nyuma ya karakana. Nikaisoma. Kila neno lilikuwa la kweli. Nikamrudishia.

"Kaka, nisamehe. Mimi nimebakiza saa chache tu. Nikiandika jina langu hapa, barua ya sifa njema sitaipata."

Hakubishana. Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Sawa, dada. Tutakuachia nafasi pale chini."

Afadhali angenitukana. Nilikwenda nyumbani nikijiambia kila mtu na mzigo wake, kwamba wao wana wake na waume wenye kazi na mimi nina ukoo mzima mgongoni. Hoja zilikuwa nzuri kweli, nilizirudia njia nzima.

Haikupita wiki mbili. Ilikuwa Jumanne, niko Mikumi na abiria tisa wa kuwapeleka Dar, alasiri, na upande wa mashariki kumeshaiva kwa mawingu. Ukitoka Mikumi kwenda Dar, njia iliyonyooka inagusa mkia wa kusini wa milima ya Uluguru. Siku njema unaona korongo mpaka moshi wa jikoni. Siku ile mlima haukuwepo, palikuwa na ukuta wa kijivu tu. Nikampigia mpanga safari.

"Kapteni, wana ndege ya Ulaya usiku huu," akasema. "Lakini uamuzi ni wako. Ukiona haiwezekani, usiende." Akaongeza kwa upole: "Si unajua mwenyewe."

Nilijua. Nilijua pia posho ya mwezi ilikuwa imepungua, na saa zangu zilibaki arobaini na kitu. Nikawaambia abiria tutatikisika kidogo, wafunge mikanda. Nikaruka.

Kusini kulikuwa na wingu la radi, jeusi, limesimama toka chini mpaka nisikokuona. Nikalikwepa kwa kwenda kushoto. Likanisogelea, nikaenda kushoto tena. Kila nilipokwenda kushoto nilikuwa nausogelea mlima, na nilijua nausogelea, na kila mara nilijiambia kidogo tu, nikipita hapa patafunguka. Vioo vikawa vyeupe. Mvua ikapiga kama mtu anamwaga kokoto. Kwenye ramani ya mtambo, rangi ya njano mbele yangu ikageuka nyekundu, kisha ile sauti ya mwanamke iliyomo ndani ya mtambo, isiyojua kuogopa, ikaanza kuniambia ardhi iko mbele, vuta juu, vuta juu.

Nilivuta. Nilisukuma nguvu zote za injini, nikavuta kwa mikono yote miwili, nikaipinda ndege kulia kuelekea kwenye radi kwa sababu radi ilikuwa bora. Katika kupinda, wingu likapasuka upande wangu kwa muda wa kufumba na kufumbua. Nikaona migomba. Sisemi niliona kijani. Niliona majani ya migomba yaliyochanwa na upepo, moja moja. Sijawahi kumwambia mtu yeyote jinsi yalivyokuwa karibu.

Kisha pakafunguka. Chini yangu ilikuwa barabara ya Mkuyuni, nyekundu kwa tope, mabati yanang'aa, watu wadogo wadogo wenye miamvuli. Kwetu. Nilikuwa nimepita juu ya kichwa cha ukoo wangu mwenyewe.

Dar tulitua vizuri. Bibi mmoja wa Kizungu akanishika mkono kwa mikono yake miwili akashukuru, akasema ameona mawingu mazuri. Nikamwambia karibu tena Tanzania. Kisha nikaenda chooni nikatapika mpaka nikaona nyongo. Mpanga safari alinikuta koridoni nikijifuta mdomo. "Nilijua wewe huniangushi," akasema. Posho iliingia kamili.

Nilipata siku nne za mapumziko, nikapanda treni ya umeme kurudi Morogoro. Nililala kwa mama Mafiga, lakini usingizi haukuja. Asubuhi ya pili nikachukua bodaboda mpaka Mkuyuni, kutoka pale nikapanda kwa miguu. Niliwaambia wote nakwenda kumsalimia mjomba. Nadhani nilitaka kuona ile migomba kutoka chini.

Nilimkuta shambani, anasimamia wachumaji watano. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umekonda." Yeye huniita mama, kama wajomba wa kwetu wanavyowaita wapwa zao, na huongea Kiswahili chake kwa kuvuta maneno, mwisho wa sentensi unapanda kama kilima. Akanipa kiti cha miguu mitatu barazani kwake, kando ya miti. Hatujamaliza salamu, manyunyu yakaanza. Hata sikuyaita mvua. Mjomba akaruka kama kijana, akatoka nje anapiga makofi.

"Shukeni! Shukeni jamani, mti umelowa! Wewe wa kule juu, acha tawi hilo, shuka!"

Mkarafuu ni mti wa hila. Tawi lake nene linaonekana la kuaminika, lakini ni jepesi kukatika, na likilowa halikupi hata taarifa. Watu wakashuka na vikapu vyao, wakaja barazani, wakaletewa magimbi na chai ya mdalasini. Tukakaa, mvua ikakaa. Ilipofika saa saba mjomba akatia mkono ndani ya koti, akawapa elfu kumi kumi, mtu mmoja mmoja, ujira wa siku nzima. Wakashukuru, wakaondoka na mifuko ya nailoni vichwani.

Mimi mdomo wangu hauna kufuli. "Mjomba, hivi wewe ni tajiri? Miti yenyewe hii kiganja kimoja, halafu unalipa watu waliokula magimbi kutwa? Si ndiyo maana wengine wanalipa kwa ndoo iliyojaa tu!"

"Wamekuja alfajiri," akasema. "Wamepanda. Nimewaambia washuke, wameshuka. Siku yao nimeshaichukua mimi, haijachukuliwa na mvua."

Nikabetua midomo. Akanywa chai yake taratibu. Kisha, bila kunitazama:

"Jumanne, alasiri, tulikuwa tumeshuka vivyo hivyo. Ikapita ndege ndani ya wingu. Chini, mama. Kuku walikimbilia jikoni. Ulikuwa wewe?"

"Hapana, mjomba. Ndege ni nyingi siku hizi."

"Alhamdulillahi." Akazungusha kikombe kiganjani. "Na ninyi, hewa ikiharibika mkarudi, mnalipwa?"

Sikuwa na uongo wa pili tayari. "Hapana. Isiyofika hailipwi."

Aliweka kikombe chini. Kikapinduka, chai ikamwagika kwenye mkeka, hakuifuta.

"Baba yako siku ile alishuka," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza alishuka wapi.

"Mtini. Tuliwaambia watu aliteleza, na ni kweli aliteleza, lakini mara ya kwanza alishuka mzima. Mvua ilianza, akashuka, akaja akasimama hapo ulipoweka mkoba wako. Tulikuwa tunalipa kwa ndoo wakati huo. Ndoo yake ilikuwa nusu. Akaniuliza, shemeji, leo inakuwaje? Nikamwambia, shemeji, ndoo haijajaa, nikulipe nini? Nilisema kwa utani, si unajua mashemeji. Nikacheka. Na yeye akacheka. Akachukua kikapu, akarudi juu."

Mvua iliendelea. Nilimtazama mzee yule, koti lake lililofumuka kwapani, na nikamchukia mzima mzima. Ada ya shule, viatu vya sare, shamba la chini, bibi zangu siku mbili kikaoni, vyote vikageuka mbele ya macho yangu. Nikasema, na sauti haikuwa yangu, "Kwa hiyo ile mikarafuu ya chini ulikuwa unanilipa fidia."

"Mikarafuu ni ya tumbo la mama yako, sikuwa na cha kukupa pale," akasema. "Nilitaka mtoto wake apate kazi isiyolipwa kwa ndoo."

Nilisimama. Nilikuwa na maneno ya kumvunja, na mimi maneno ya hivyo sitafuti, yanakuja yenyewe. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa bado nimeushika uongo wangu. Namkasirikia mtu kwa kumrudisha baba mtini, nami Jumanne nimewapandisha watu tisa mtini kwa ndoo nusu, na aliyenirudisha mimi alitabasamu vilevile. Nikaketi tena.

"Ulikuwa mimi, mjomba. Jumanne."

"Najua," akasema. "Tangu Jumanne chakula hakipiti."

Sikumsamehe siku ile. Nilishuka na mvua, matope mpaka magotini, bila kuaga sawasawa. Mafiga nilimkuta mama anachambua mchele kwenye ungo, nikamuuliza kama alijua. Akaendelea kutoa vijiwe. "Nilijua. Ni kaka yangu, mwanangu. Ningemtupa wapi?" Mpaka leo sijui kama mimi nimemsamehe mjomba. Kuna siku nadhani nimemaliza, kisha nanusa karafuu kwenye pilau la mtu na roho inachafuka upya.

Niliporudi kazini nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha chai. Kapteni mwenye mvi hakuniuliza kitu. Alitoa karatasi ileile, imechakaa kwenye mikunjo, na pale chini nafasi ilikuwepo. Nikaandika jina langu. Mkono ulikuwa mzito, na sitajifanya shujaa: nilipomaliza nilitamani kulifuta.

Barua ikapelekwa. Tukajibiwa linafanyiwa kazi. Mpanga safari hakubadilika hata kidogo, tabasamu lilelile, mkono begani uleule, ila ratiba ya Desemba ilipobandikwa jina langu lilikuwa mara chache kama nyama kwenye mchuzi wa msibani. Nilipiga deki chumba changu mpaka saruji ikalalamika. Saa zilizobaki zikapungua kwa kudonoa, ishirini, kumi na tano, tisa. Wiki ya Krismasi watalii walijaa kuliko marubani, akalazimika kuniita. "Kapteni, nakupa siku tatu mfululizo. Mambo ya karatasi tuyaache nyuma. Nisaidie na mimi nikusaidie." Alimaanisha barua ya Ghuba. Hakuhitaji kuitaja.

Siku ya kwanza nilikwenda vizuri. Siku ya pili niko Mikumi, abiria kumi, alasiri, na mashariki kumeiva vilevile. Ungedhani Mungu ameiweka ile Jumanne kabatini akaitoa tena. Niliruka, kwa sababu upande wa kusini palikuwa na mwanya. Dakika kumi na tano mbele mwanya ukafunga. Wingu kulia, mlima kushoto, na kushoto pakaniita kama palivyoniita mara ya kwanza. Kidogo tu. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka kwenye meno. Nikafikiria mama na magoti yake. Nikafikiria shamba la chini, misimu iliyobaki. Kisha nikageuza.

Ningetamani kusema nilijisikia mwepesi. Nilijisikia mjinga. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najitukana kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti kilichozimwa.

Tulitua Mikumi, nikazima injini, nikawaeleza abiria kwamba leo hatuvuki. Mmoja akanipigia kelele mbele ya wenzake, kwamba ana ndege ya kuunganisha, kwamba ataandika, kwamba kampuni gani hii inaajiri waoga. Nikamwambia aandike, jina la kampuni limeandikwa ubavuni mwa ndege. Nikampigia mpanga safari. Alisikiliza mpaka mwisho. "Pole, kapteni. Isiyofika hailipwi, si unajua. Na kesho pumzika, keshokutwa pia." Akakata. Saa sita nilizobakiza zikabaki sita, Januari ikafika, na watu wa Ghuba wakaniandikia kwa heshima sana kwamba wamejaza nafasi.

Lakini hiyo ni baadaye. Alasiri ile nilikwenda kukaa kwenye benchi la mbao kando ya uwanja, swala wanakula majani kana kwamba hakuna lililotokea. Nikampigia mjomba. Tangu siku ile ya mvua hatukuwa tumeongea.

"Shikamoo, mjomba. Nimeshuka."

Nilisikia mvua kwenye bati lake. "Mti umelowa?"

"Umelowa."

"Haya," akasema, akakata. Yeye kwenye simu haagi.

Haikupita robo saa, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ulisema nimepokea shilingi elfu kumi, na jina la mjomba. Nikautazama ujumbe ule nikidhani amekosea namba, amemtumia mchumaji wake. Nikampigia tena.

"Mjomba, hii ya nini?"

"Si umetoka asubuhi," akasema. "Ukapanda. Ukashuka ulipotakiwa kushuka. Siku yako hiyo." Nikaguna tu. Akadhani nalalamika. "Ni kumi kumi, mama, kama wenzako. Usidhani nitakuongezea kwa sababu wewe ni kapteni."

Nikaangua kilio pale kwenye benchi, kamasi na machozi, mistari yangu begani na kila kitu. Yule abiria wa kelele alikuja akasimama mbele yangu, amechanganyikiwa, akaniambia basi, basi, si lazima kulia, atapanda ndege nyingine.